Kiwanja Kisichouzwa: Habari za Ujiji, Simbo na Mipango ya Miji Midogo

Mtu wa pwani akipanda gari moshi Dar es Salaam na kwenda nalo hadi mwisho wa reli, hushuka Kigoma akiwa amesafiri kilomita 1,250 hivi, na kumbe hajatoka kwao. Akienda Ujiji, kilomita chache tu kutoka stesheni, atakuta nyumba zenye ukumbi katikati, vyumba kuume na kushoto, ua nyuma na baraza mbele. Atakuta misikiti, vyuo vya Qur'ani, zikri za Kadiria, na wazee waliovaa kanzu na kofia wakijibu "Marahaba" kwa sauti ile ile tuijuayo Tanga na Bagamoyo. Atanunua dagaa na mawese badala ya papa na nazi, lakini atavinunua kwa Kiswahili.

Wageni wengi wakifika huko huenda moja kwa moja kwenye ukumbusho wa Livingstone na Stanley, waliokutana hapo Novemba 1871, wakapiga picha chini ya miembe, kisha wakarudi. Sisi leo, ndugu msomaji, tutapita hapo kwa haraka, maana shabaha yetu iko mbele kidogo. Tunakwenda Simbo.

Simbo ni kata ya Wilaya ya Kigoma, si mbali na Ujiji. Wasafiri wa Kizungu hawakuijaza vitabuni, wala hakuna ukumbusho wa mtu mashuhuri. Ni mahali pa mihogo, michikichi na watu wenye shughuli zao. Walakini ni mahali kama hapo, penye ukubwa wa kijiji na tamaa ya mji, ambapo mambo makubwa ya ardhi huamuliwa siku hizi, mara nyingi bila ya mtu kutambua kwamba yameamuliwa. Mzee mmoja wa huko, tulipokuwa tumekaa barazani kwake baada ya Alasiri, aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu siku ile. Alisema: "Mwanangu, wewe umesoma. Huyu mpimaji akija, tumwonyeshe nini kwanza?"

Nilicheka, nikadhani anatania. Yeye hakucheka. Makala haya ni jitihada yangu ya kumjibu, na ili nimjibu sina budi kwanza kurudi Ujiji ya kale, kwani Ujiji ilikwisha kupita katika mlango ambao Simbo inauingia sasa.

Jina la Ujiji hapo mwanzo lilikuwa la nchi, wala si la mji. Ilikuwa nchi ya Wajiji, ndugu wa Waha, na mkubwa wake, Mwami, alikaa juu milimani, mbali na maji. Stanley aliandika kwamba Mwami wa zama zile hakushuka ziwani kwa kuwa iliaminiwa kuwa akiyaona maji yale atakufa. Pengine msomaji atasema huo ni ushirikina, na ni kweli. Lakini tazama matokeo yake: mwenye nchi alikaa mlimani, na ufuo wa ziwa ukaachwa mikononi mwa wakubwa wadogo waliojua kila shamba na kila njia. Katika Buha ugawaji wa ardhi ulikuwa na watu wake maalumu walioitwa wateko. Mgeni hakuchagua mahali akajenga tu. Alikwenda kwa mteko, akaonyeshwa, akatoa ada, ndipo akapiga jembe. Burton na Speke walipofika Februari 1858 walimkuta mkubwa wa Kawele akiitwa Kannena, na haikuwezekana kupata mtumbwi wala utulivu bila ya kupatana naye.

Wafanyabiashara wetu wa pwani walipoongezeka, mji ukawa na sehemu mbili. Stanley ameeleza kwamba Ugoy ilikaliwa na Waarabu, na Kawele ikakaliwa na waungwana wa pwani, watumwa na wenyeji. Mkubwa wa wafanyabiashara katika miaka ya 1870 alikuwa Mwinyi Kheri, mtu wa Mrima aliyeoa kwa wenyeji. Wakajenga tembe za udongo zenye baraza pana. Soko lilikuwa uwanja mtupu, kila mtu akija asubuhi na bidhaa yake: chumvi ya Uvinza, mawese, samaki, nafaka, majembe, pembe za ndovu. Fedha yao ilikuwa ushanga uitwao sofi. Jioni uwanja ukabaki uwanja.

Hapa sharti tuseme ukweli, kwani gazeti la kufundisha maadili haliwezi kupamba historia. Soko lile liliuza na watu. Tembe zile zilijengwa na mikono ya waliokamatwa, wengi wao kutoka ng'ambo ya ziwa, Manyema na kwingineko, na njia iliyotoka Ujiji kupitia Tabora hadi Bagamoyo ilikuwa njia ya machozi. Mwaka 2006 serikali ya Tanzania iliipeleka njia hiyo UNESCO ili iwekwe katika orodha ya awali ya urithi wa dunia, ikitaja Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Wajukuu wa Wamanyema waliokuja kwa kufungwa kamba ndio leo wenye nyumba, misikiti na makaburi ya Ujiji. Basi tunapozungumza juu ya kuhifadhi mji wa kale tusidhani tunahifadhi fahari ya mabwana peke yao. Tunahifadhi na kazi ya wale ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Sasa nije kwenye jambo lililonishangaza zaidi katika habari za Ujiji, nalo ni ziwa lenyewe. Sisi watu wa bahari tumezoea maji kupanda na kushuka mara mbili kwa siku, tukajua mpaka wake. Tanganyika hufanya hivyo kwa miaka. Mlango wake wa kutokea maji ni mmoja tu, mto Lukuga, upande wa Kongo. Katikati ya karne ya 19 mlango huo ulikuwa umezibwa na matope na majani, na ziwa likawa linapanda polepole. Stanley aliporudi Ujiji mwaka 1876 aliandika kwamba miti mitatu ya jamii ya michikichi iliyokuwa sokoni mwaka 1871 sasa imesimama ndani ya maji, kiasi cha futi 100 kutoka ukingoni, na mchanga aliotembea na Livingstone asubuhi umefunikwa kabisa. Hiyo ni miaka mitano tu! Kisha, mnamo 1878, maji yakakivunja kizuizi cha Lukuga yakaondoka kwa nguvu, na katika muda usiofika miaka 20 ziwa likashuka karibu mita 10. Mahali palipokuwa pwani pakawa bara. Ndiyo maana anayetembelea ukumbusho ule leo hulazimika kuuliza ziwa liko wapi.

Watu walifanya nini na ardhi ile iliyotoka majini? Walilima, kisha wakajenga, na kila kizazi kikasahau. Baada ya mvua kubwa za mwaka 1961 na iliyofuata, ziwa likapanda tena na kufikia kimo kikubwa mwaka 1964. Likashuka, watu wakasogea tena. Kuanzia 2020 hadi 2024 likapanda mara nyingine, na kutoka Bujumbura hadi fukwe za Kigoma na Ujiji maji yakaingia majumbani, bandarini na kwenye mialo ya wavuvi. Nimewasikia watu wakisema "ziwa limetuvamia." Ukitazama historia utaona kwamba lilikuwa linarudi lilikokuwa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Wengi huiona sheria hiyo kuwa ni usumbufu wa wakubwa. Kumbe wanazuoni wetu walikuwa na mlango mzima katika vitabu vya fikihi uitwao harimu: kila kisima, kila chemchemi, kila mto una kando yake isiyomilikiwa na mtu, ili mchotaji apite na maji yasichafuke. Miongoni mwa vipimo vilivyopokewa kwa kisima ni dhiraa 40, ambazo ni karibu mita 20. Mimi kwa maoni yangu, mita 60 zinatosha penye kingo za mwinuko. Penye tambarare, kama mdomo wa mto Luiche kusini ya Ujiji, mita 60 si kitu, kwani ziwa likipanda mita moja tu hula nchi kubwa. Watu wa bonde la Luiche wanaolima mpunga wanalijua hilo kuliko mchoraji wa ramani aliyekaa ofisini.

Turudi kwenye historia. Mwaka 1895 Wajerumani walitoa amri kwamba ardhi yote "isiyo na mwenyewe" katika nchi yetu ni mali ya dola yao. Mwaka uliofuata wakaweka kituo Ujiji. Mteko hakuwa na hati, basi mbele ya amri ile mteko hakuwa na kitu. Reli ilipokaribia, wahandisi waliitazama pwani ya Ujiji, wakaona maji mafupi, kisha wakaitazama ghuba ya Kigoma yenye kina, na Februari 1914 reli ikamalizikia Kigoma. Stesheni ile kubwa ipo hadi leo. Mji wa zaidi ya nusu karne ukapitwa kwa sababu ya kina cha maji, na hakuna mtu wa Ujiji aliyeulizwa. Meli ya Graf von Götzen ilishushwa majini hapo Kigoma mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa na kurudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Habari za meli hiyo kila mtu anazipenda. Habari za wenye mashamba ya Kigoma waliohamishwa kupisha reli hazikupata mwandishi.

Waingereza nao wakaja na sheria yao ya ardhi ya mwaka 1923, na miji ikagawanywa kwa desturi tuijuayo sote: uzunguni kwenye upepo, uhindini kwenye maduka, uswahilini penye nafasi iliyobaki. Miaka ya 1930 watu wa sehemu nyingi za Buha walikusanywa katika makazi ya pamoja kwa ajili ya malale. Halafu, baada ya uhuru, ikaja Operesheni Kigoma mwaka 1972, miongoni mwa operesheni za mwanzo kabisa za kuhamishia watu vijijini, na Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975 iliyotaka kijiji kiwe na kaya zisizopungua 250.

Sipendi kuilaumu Operesheni kwa jumla, kama ilivyo mtindo wa baadhi ya waandishi. Shule nyingi za mkoa ule, zahanati na visima vilifuata nyuma yake, na watu wa vijijini walianza kuhesabiwa kuwa watu. Lakini ilipanga nyumba katika mistari iliyonyooka kama askari, bila ya kuuliza shamba la mtu liko umbali gani, kuni zitatoka wapi, na mvua ikinyesha maji yatapita wapi. Watu 300 wakikata kuni mahali pamoja, mlima huisha. Na watu waliopewa mahali pa wengine hawakupewa karatasi. Tume ya ardhi ya mwaka 1991, iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji, ilipozunguka nchi nzima ilikuta migogoro mingi iliyozaliwa na uhamisho ule, miaka karibu 20 baadaye.

Kutokana na malumbano hayo zikapatikana sheria mbili za ardhi za mwaka 1999, na moja kati yake ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Nitaieleza kidogo, kwani hiyo ndiyo silaha kubwa iliyo mkononi mwa mahali kama Simbo na wengi wameiacha ikipata kutu. Sheria hiyo inasema halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na haiwezi kugawa bila ya idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, yaani watu wazima wote. Mteko amerudi, tunaweza kusema, isipokuwa sasa ni wengi na wanapiga kura. Inatoa hati ya hakimiliki ya kimila kwa mtu mmoja, kwa mume na mke, au kwa kikundi. Inaweka baraza la ardhi la kijiji lenye watu saba, na watatu kati yao sharti wawe wanawake. Tena inasema wazi kwamba mila inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu.

Hapo nisimame kidogo. Wapo ndugu zetu Waislamu, pwani na bara, wanaojua vizuri fungu la ndugu yao wa kike katika mirathi, hulisoma hata kwa tajwidi, kisha shamba likigawanywa humwambia, "Wewe umeolewa, una kwenu." Mtu huyo hajafuata sheria ya dini wala ya serikali. Amefuata tumbo lake. Katika mji unaokua, ambapo robo eka iliyokuwa ya mihogo inageuka viwanja vitatu vya kuuza, dhuluma hiyo huongezeka thamani kila mwaka.

Mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, kwa mwongozo wa Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, hufanywa kwa hatua sita. Sitazitaja zote, zisije zikamchosha msomaji. Kiini chake ni kwamba watu wa wilaya huja, wanakijiji huchora wenyewe ramani ya kijiji chao, hata kama ni kwa kijiti mchangani, wakionyesha mito, misitu, njia za ng'ombe, mashamba, maziara na mahali penye mgogoro na jirani. Mipaka hupimwa. Kisha hukubaliana hapa tujenge, hapa tulime, hapa pabaki msitu, na mkutano mkuu hupitisha pamoja na sheria ndogo zake.

Mfano mzuri uko karibu sana na Simbo. Kaskazini ya Kigoma iko hifadhi ya Gombe, pori la sokwe, iliyokuwa pori la akiba tangu 1943 na hifadhi ya taifa tangu 1968, alipofanya kazi yake Jane Goodall tangu 1960. Picha zilizopigwa kutoka angani zilionyesha kwamba kati ya miaka ya 1970 na mwisho wa karne, msitu ulibaki ndani ya mpaka wa hifadhi tu. Nje, milima ilikuwa imenyolewa, na mvua zilileta mawe na matope hadi kwenye nyumba za ukingoni mwa ziwa. Mwaka 1994 ukaanza mradi uitwao TACARE. Ulianza kwa kuwauliza watu shida zao, yaani maji, afya, miche na mikopo ya akina mama, na habari ya sokwe ikaja nyuma. Baadaye wanakijiji wakaonyeshwa picha za setilaiti za vijiji vyao, wakatambua kila nyumba na kila mlima mtakatifu, wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe. Hadi mwaka 2009 vijiji 13 vilikuwa vimekamilisha mipango yao ya ardhi, na kwa hiari yao vimetenga hekta 9,690 kuwa misitu ya hifadhi ya vijiji, kiasi cha asilimia 26 ya ardhi yao. Waha walioitwa waharibifu wa misitu ndio walioitenga.

Kutenga ardhi kwa ajili ya wote si jambo geni kwetu. Mtume (S.A.W.) aliitenga Naqi', karibu na Madina, iwe malisho ya farasi wa Waislamu, na jambo hilo huitwa hima. Sayyidna Umar naye alitenga sehemu nyingine, na imepokewa kwamba alimwagiza msimamizi wake amruhusu mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache kuingia, na awazuie matajiri wenye makundi, kwani tajiri mifugo yake ikifa anayo mitende na mashamba, na maskini mifugo yake ikifa atakuja na wanawe kulia mlangoni. Nimeona hifadhi nyingi za siku hizi zenye hesabu iliyopinduliwa: mama mwenye mzigo mmoja wa kuni hukamatwa, na lori la mkaa hupita usiku. Kamati ya msitu ya kijiji ikianza hivyo, watu hawataiheshimu hata kwa viboko.

Kuhusu nyumba nitasema jambo moja tu, nalo ni matofali. Nyumba ya tembe na nyumba ya udongo na fito zinaondoka, na kila kijana anataka tofali la kuchoma na bati. Si vibaya. Lakini tanuri la matofali hula kuni nyingi mno, na mkoa ule unajengwa kwa haraka. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba na Vifaa vya Ujenzi, ulioanza mwaka 2001 badala ya kituo cha utafiti cha tangu miaka ya 1970, umekuwa ukifundisha tofali la kufungamana, la udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono. Halichomwi, na ukutani linahitaji udongo mchache wa kuungia. Kikundi cha vijana kumi wenye mashine moja wanaweza kujenga mtaa. Tena nyumba ile ya ukumbi, vyumba vya pande mbili, ua na baraza, ambayo babu zetu waliipeleka hadi Ujiji, isidharauliwe: mama anapata sitara uani, mgeni anapokewa barazani, chumba kimoja kinapangishwa kumsomesha mtoto. Ramani nyingi za nyumba zinazouzwa mijini zimesahau ua.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nisicheke tena kila nikikumbuka swali la yule mzee.

Katika mji wetu mdogo wa pwani, ambao sitautaja, walikuja watu wa ofisi moja kupima viwanja. Tulifurahi. Walikuwa vijana wapole, wakanywa chai yetu. Bikoni zikapandwa, mchoro ukabandikwa ukutani, na kila mwenye uwezo akaenda kulipia kiwanja. Hakuna aliyekaa kuutazama mchoro ule kwa makini, nami nikiwa miongoni mwao, na nilikuwa na macho mazima na elimu ya kutosha. Miaka michache baadaye akafa mzee wa jirani yetu. Tukachukua jeneza kama desturi, tukafika makaburini, tukakuta ukuta. Upande wa pili wa ukuta mtu alikuwa amejenga, na alikuwa na karatasi zote halali. Kumbe katika mchoro yale makaburi ya juu yaliandikwa, na yale ya chini, ambayo yalikuwa wakfu wa bibi mmoja wa zamani na hayakuwa na maandishi popote ila vichwani mwa wazee, yaligeuka viwanja sita. Mpimaji hakuwa mwizi. Alichora alichoonyeshwa, na sisi tulimwonyesha maduka yetu.

Maiti yetu ilizikwa kabla ya Magharibi, mbali, baada ya kuomba gari. Kisima cha wakfu ule kiko ndani ya ukuta hadi leo.

Wakfu, kama tujuavyo, ni mali iliyofungwa: asili yake haiuzwi, hairithiwi, hatolewi mtu zawadi, na manufaa yake hutumika kwa waliokusudiwa. Msingi wake ni shauri alilopewa Sayyidna Umar juu ya shamba lake la Khaybar. Misikiti, visima, makaburi na madrasa za pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Kilwa, zilisimama juu yake. Zanzibar na Lamu zilipopata mipango ya kuhifadhi miji mikongwe, Mji Mkongwe wa Zanzibar ukiwa na mamlaka yake tangu 1985 na Lamu ikitangazwa kuwa mji wa kuhifadhiwa mwaka 1986, nyumba na viwanja vya wakfu vilikuwa sehemu kubwa ya kazi hiyo, kwani palikuwa na daftari za kufunguliwa. Miji hiyo ikaingia katika urithi wa dunia, Zanzibar mwaka 2000 na Lamu mwaka 2001. Ujiji haina mawe ya matumbawe wala milango ya nakshi ya kuwavuta watalii, na wakfu zake nyingi zilisemwa kwa mdomo mbele ya watu waliokwisha kufa. Simbo ni hivyo hivyo. Neno la mdomo lilitosha katika mji ambao kila mtu alimjua kila mtu. Manispaa ya Kigoma-Ujiji ilihesabiwa watu 215,458 mwaka 2012.

Dawa yake si ngumu. Wakfu uandikwe kwa mashahidi, uwekewe wadhamini waliosajiliwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, upimwe, na hati yake isomeke kwa jina la wadhamini na wala si kwa jina la imamu. Imamu hufa, na watoto wake huona hati kabatini. Kisha ukipita mchoro wowote wa mipango miji, wadhamini waende wauone kabla haujapitishwa. Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, kijiji kinaweza kutangazwa kuwa eneo la mipango miji, na tangu siku hiyo mambo hubadilika: mkulima hujikuta shamba lake limekuwa viwanja, na asiye na ushahidi wa maandishi hupata shida hata ya kudai fidia. Kijiji ambacho kimekwisha kufanya mpango wake wa ardhi na kutoa hati zake huingia mjini kikiwa na karatasi mkononi. Kisicho nazo huingia kama mgeni. Kwa wenye vijana wanaotafuta masomo, Chuo cha Ardhi kiko Tabora, kwenye reli hiyo hiyo ipitayo Kigoma. Kata moja ikiwa na kijana wake mmoja anayejua kusoma mchoro, imepata mlinzi.

Niliporudi Simbo mara ya pili nilikuwa na jibu langu tayari, nimelipanga kama hotuba: kwanza makaburi, pili chemchemi na kingo za mito, tatu njia, nne mahali pa soko na pa watoto kuchezea, na nyumba zetu mwisho kabisa. Mzee akanisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Ahsante, mwanangu. Sisi tulikwisha anza." Akamwita mjukuu wake, msichana wa darasa la sita, aje na daftari. Ndani yake alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi, kwa kuambiwa na bibi na babu yake, majina ya waliozikwa kando ya mwembe ulio nyuma ya msikiti, mmoja baada ya mwingine, na hatua kutoka kaburi hadi kaburi. Walikuwa wamefika jina la 41. Mzee akasema wengine bibi yake ndiye anayewakumbuka, na bibi alikuwa shambani, kwa hiyo tukangoja.